Mwaka Stesheni ya Tsuzurao Ilipokuwa Mwenyekiti

Bi Nobue Kajitani wa Tsuzurao, kitongoji cha milimani Japani, alikuwa na majirani wawili. Wa kwanza ni Mzee Yasuji Hatakeda, mwenye miaka themanini na minne na ubishi wa miaka mia. Wa pili ni stesheni.

Nikisema stesheni msije mkaona jengo kubwa. Ni kibanda cha mbao chenye chumba kimoja cha kungojea, benchi, saa ya ukutani, na jukwaa lenye urefu wa behewa moja na nusu. Mtumishi wa mwisho aliondoka miaka arobaini na sita iliyopita, na tangu hapo hakuna anayekata tiketi wala kupuliza filimbi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha behewa la dizeli linalopita pale mara nne kwa siku, peke yangu, dereva na kondakta ndani ya glavu zilezile. Nasimama, nafungua mlango, nanyoosha kidole kwenye taa kama tulivyofundishwa, natamka kwa sauti kile ninachokiona, naondoka. Siku nyingi hakuna abiria; akiwepo ni mmoja, na huyo mmoja ni Bi Nobue.

Alizaliwa ng'ambo ya mto, akaolewa Tsuzurao akiwa na miaka ishirini na miwili na cherehani moja. Mumewe alikata mierezi mlimani mpaka kifua kikamkataa. Siku tatu baada ya mazishi ikafika barua yenye jina la marehemu. Bi Nobue aliiweka juu ya rafu, mbele ya picha yake, na iko hapo mpaka leo, haijafunguliwa. Ukimuuliza atakujibu, "Si yangu. Barua ya mtu haifunguliwi."

Ndivyo alivyo. Kila vuli hushona mito sita ya kukalia kutoka kwenye mavazi ya zamani, akaipanga kwenye benchi la stesheni, ingawa hajawahi kuona watu sita wamekaa pale kwa pamoja. Leseni ya gari aliirudisha polisi mwenyewe, baada ya kuingia na gari lake dogo ndani ya kibanda chake cha achari na kunuka figili wiki nzima. Kwa hiyo miguu yake ni treni. Kila Alhamisi hupanda ya saa tatu na dakika kumi na mbili kwenda mjini Oginami: kliniki ya macho, kisha chakula cha mchana na dada yake, kisha tofu mbili, kisha nyumbani.

Mwanawe anaishi Osaka, ghorofa ya kumi na moja. Ameshamwandalia chumba. Kila akipiga simu anamwambia, "Mama, hapa kuna lifti." Na Bi Nobue anajibu, "Hongera, mwanangu," kisha anauliza habari za wajukuu.

Sasa, mwezi wa tisa wa mwaka huo, kampuni ya reli ikaleta swali. Je, wakazi wa Tsuzurao bado wanaihitaji stesheni? Kama wanaihitaji, jibu lifike kabla ya mwisho wa mwaka, likiwa na muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji. Lisipofika, kuanzia tarehe mosi Aprili treni itapita bila kusimama.

Na treni ikipita bila kusimama, Bi Nobue anakwenda kuishi na lifti. Hilo alilijua yeye, alilijua Mzee Yasuji, nililijua mimi.

Ofisi ya mji ikamtuma Bwana Minobe, karani aliyebakiza miaka miwili kustaafu na ambaye hajawahi kukosea fomu. Alikaa kwa Bi Nobue, miguu chini ya meza yenye joto, akanywa chai, akasifu achari, akainama, halafu akasema kwa huzuni:

"Tatizo ni idadi, Bibi. Kanuni inasema kitongoji ni kaya tatu kwenda juu. Akina Kadowaki walihama mwezi wa tatu. Sasa mmebaki wewe na Mzee Hatakeda. Kaya mbili si kitongoji. Ni... ni watu wawili wanaoishi karibu karibu."

"Karibu karibu gani?" Mzee Yasuji akadakia kutoka upande wa pili wa meza. "Mimi ni mwenyekiti! Kibao kiko mlangoni kwangu tangu Aprili!"

Na kweli kilikuwepo, kibao cha mbao kilichoandikwa Mwenyekiti, kinachohama nyumba hadi nyumba kila mwaka kwa zamu. Mzee Yasuji alikuwa akikipaka mafuta ya taa kila Jumapili ili kisiliwe na wadudu.

Bi Nobue akainuka, akarudi na daftari la kitongoji. Majina kumi na mawili, mengi yamepigwa mstari mwekundu. Akamsogezea karani.

"Namba saba," akasema. "Haina mstari."

Bwana Minobe akavaa miwani. Namba saba ilikuwa Stesheni ya Tsuzurao. Pembeni yake, kwa mwandiko mzuri wa zamani, stesheni masta fulani alieleza kwamba anaiandikisha stesheni wala si jina lake, kwa sababu mastesheni masta hubadilika na stesheni haibadiliki.

Mtu wa kwingine angecheka. Bwana Minobe akauliza, "Imewahi kutoa taarifa ya kujitoa?"

"Haijawahi kusema lolote," alijibu Bi Nobue.

"Basi haijajitoa." Akaandika. "Kaya tatu. Kitongoji kipo."

Mzee Yasuji akapiga goti lake kwa furaha. "Nilisema! Nipe hiyo karatasi nigonge muhuri, tumalize."

Lakini Bwana Minobe alikuwa bado anasoma. Kidole chake kilishuka taratibu kwenye daftari, na uso wake ukapata aibu ya mtu anayemwambia mwenzake kwamba suruali imechanika nyuma.

"Samahani sana, Mzee Hatakeda. Mwaka jana mwenyekiti alikuwa Bi Kajitani, namba moja. Anayefuata ambaye hana mstari ni namba saba. Wewe ni namba kumi na mbili."

"Unasemaje?"

"Mwaka huu ni zamu ya stesheni."

Kibao kilihamishwa siku hiyohiyo. Jioni nilipofika na treni yangu nilikikuta kimetundikwa kwenye mlango wa chumba cha kungojea, na Mzee Yasuji amesimama barabarani akikitazama kama mtu aliyeporwa mke.

"Dereva!" akaniita. "Mwambie huyo bosi wako mpya asikiache kinyeshewe!"

Angekubali kwa maneno matupu asingekuwa Yasuji. Siku ya pili aliweka pingamizi dhidi ya mwenyekiti mpya. Uamuzi wa kitongoji hupita kwa sauti moja, mmoja akikataa hakuna kitu, na yeye alikataa. Sababu yake ilikuwa mtaro.

Mtaro huo ndio unaoshusha maji kwenye mashamba ya mpunga. Kila mwezi wa kumi kila kaya hutoa mtu mmoja na koleo moja.

"Miaka arobaini na sita!" alimfokea Bi Nobue dukani kwa muuza tofu, maana alimfuata mpaka huko, kwa treni yangu, akiwa amekaa kiti cha mbali makusudi. "Miaka arobaini na sita hajashika koleo! Mvua ikinyesha maji ya paa lake yanaingia mtaroni, tope lake tunalizoa sisi. Leo anakaa kiti cha mbele!"

"Hana mikono, Yasuji."

"Marehemu mumeo alivunjika mkono mwaka ule, akaleta nani?"

"Alileta shemeji yake."

"Eeeh! Basi na huyu alete ndugu!"

Bi Nobue aliporudi na tofu zake mbili alikaa kiti cha nyuma yangu. Treni ilipoingia kwenye handaki, akasema polepole, "Mwanangu Sugaya, Jumapili uko kazini?"

"Sipo, Bibi. Ni mapumziko yangu."

"Koleo unaliweza?"

Hivyo ndivyo nilivyosimama mtaroni Jumapili ile, nikiwa nimevaa kofia ya kazi, maana Bi Nobue alisema bila kofia udugu hautaonekana. Mzee Yasuji alinizunguka mara mbili.

"Wewe ni nani kwa stesheni?"

"Tuseme mpwa," nikasema.

"Upande wa mama au wa baba?"

Bi Nobue, akiwa ndani ya tope mpaka magotini, akajibu bila kuinua kichwa: "Wa reli."

"Mh. Miguu inafanana," akasema Mzee Yasuji, akanipa koleo zito kuliko yote. Nilizoa tope tangu saa mbili hadi adhuhuri. Kila nilipojinyoosha mgongo alisema, "Hilo ni la mwaka wa kwanza. Yamebaki ya arobaini na mitano." Mchana tulikaa ukingoni tukala wali wa kufinyanga wenye plamu ya chumvi katikati. Bi Nobue aliweka tonge la nne juu ya jani, upande wa stesheni. Mzee Yasuji alilitazama, akalitazama tena, kisha akalichukua akalila.

"Huyu hali chakula," akasema. "Lakini nimempokelea. Pingamizi nimeliondoa."

Mkutano ukafanyika mwezi wa kumi na moja. Kwa desturi hufanyika kwa mwenyekiti, kwa hiyo tulikutana ndani yake. Bwana Minobe alikuja kushuhudia, akavua viatu mlangoni ingawa sakafu ni ya saruji, na kwa kuwa alivua yeye, tulivua wote. Mimi nilikuwa na dakika kumi na nane za kungoja treni inayotoka upande wa pili ipite, nikaingia kama ndugu wa mhusika. Kila mtu alipata mto wa kukalia. Kwa mara ya kwanza mito minne kati ya sita ilikuwa na kazi.

Karani akamgeukia Bi Nobue na kumnong'oneza, "Mwenyekiti amedokezwa mapema? Si vizuri kumshtua mtu mkutanoni."

"Nilikuja asubuhi na chai, nikamweleza yote."

"Alionekanaje?"

"Mtulivu."

"Vizuri sana." Akainamia saa ya ukutani, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na sura kidogo. "Tuanze. Ajenda ni moja: kuomba stesheni isifungwe. Lakini hapa naona ugumu. Mwenyekiti anajiombea mwenyewe. Kanuni inamtaka mwenye maslahi asichangie mjadala."

Tukaitazama stesheni. Haikuchangia.

"Ameelewa," alisema Mzee Yasuji, na safari hii sauti yake ilikuwa na heshima kidogo. "Mimi ningechangia."

"Bi Kajitani?"

Bi Nobue alikuwa ameandaa hotuba. Niliiona karatasi mkononi mwake, pande mbili. Alisimama, akaifungua, akaikunja tena. "Nikiwa Osaka," akasema, "nitakuwa natazama nguo za watu zinavyokauka. Hapa natazama mlima. Basi." Akakaa.

Mzee Yasuji akakohoa. "Akiondoka huyu, nitabishana na nani? Nakubali."

"Je, kuna mwenye pingamizi?" aliuliza Bwana Minobe, na kama ilivyo kwetu, akangoja. Mikutanoni kwetu hakuna anayenyoosha mkono, anayenyamaza amekubali. Tulinyamaza sote wanne pamoja na mwenyekiti. Upepo ulipita chini ya mlango. "Imepita kwa sauti moja. Sasa muhuri wa mwenyekiti."

Hapo nikajiuliza stesheni itatoa wapi muhuri. Lakini Bi Nobue alishanyanyuka. Kwenye kona, juu ya meza ndogo, kuna muhuri wa mpira wenye picha ya tunda la kaki na daraja, na jina Tsuzurao likiizunguka. Wasafiri hupenda kuugonga kwenye daftari zao kama kumbukumbu. Akaupuliza vumbi, akaulowesha wino, akagonga chini ya barua. Kaki lilitoka zuri, daraja limepinda kidogo.

Karani aliukagua kwa muda. "Una jina. Ni wa mviringo. Ni wa kwake mwenyewe." Akafunga mkoba. Sijawahi kuona mtu ameridhika namna ile.

Jibu lilikuja mwanzoni mwa mwezi wa tatu, theluji ikiwa bado inadondoka kutoka kwenye mierezi. Tarishi alilitumbukiza kwenye sanduku la stesheni. Juu ya bahasha, kwa wino mwekundu: Kwa Mwenyekiti wa Kitongoji cha Tsuzurao. Afungue mwenyewe.

Siku ya kwanza Bi Nobue aliitoa kwenye sanduku, akaipangusa, akaisimamisha kwenye benchi, juu ya mto mmoja. Ya pili ilikuwa bado pale. Ya tatu nilishindwa kuvumilia.

"Bibi, ifungue tu."

"Barua ya mtu, mwanangu?"

"Bibi, humo ndani ndimo mlimo na maisha yako!"

"Ndiyo maana nisiifungue vibaya. Wewe ni mpwa wake. Ifungue wewe."

Nikarudi kwenye treni yangu. Dereva anayefungua barua rasmi za kampuni hana kazi kesho yake, hata awe mpwa wa nani.

Nikamwendea Mzee Yasuji. Nilimkuta anapasua kuni. "Mimi nilinyang'anywa kibao kwa ajili ya kanuni," akasema. "Sasa kanuni zifuatwe. Nimeshaishika hiyo bahasha mara nne, nikaiweka juu ya taa nisome kwa nje. Karatasi nzito. Kampuni ina hela." Nikampigia simu Bwana Minobe. Akauliza kama mwenyekiti amekataa kuifungua au bado hajapata nafasi. Nikasema bado hajapata nafasi. Akasema basi tusimharakishe.

Ikawa hivyo. Bahasha juu ya mto, treni zangu nne zikija na kwenda. Kutoka Osaka yakafika maboksi ishirini na gundi ya karatasi, na mwana akapiga simu: atakuja na gari saa nne, tarehe mosi Aprili. Bi Nobue alianza kufunga vitu. Bakuli alizifunga kwa magazeti. Cherehani aliifunga kwa blanketi. Alhamisi ya mwisho alinunua tofu moja badala ya mbili, na nilipomfungulia mlango hakushuka mara moja.

"Ukipita bila kusimama," akaniuliza, "utaendelea kumnyooshea kidole?"

"Nitanyoosha, Bibi."

"Mpungie basi. Kidole ni kwa taa."

Asubuhi ya tarehe mosi Aprili tulipewa karatasi mpya za ratiba depoti. Niliipokea yangu, nikaipitisha kidole, stesheni kwa stesheni. Nikakirudisha kidole, nikapitisha tena. Sikumwambia mtu. Nikawasha injini.

Saa tatu na dakika kumi na mbili nilipotokeza kwenye mlango wa handaki niliwaona kwenye jukwaa. Bi Nobue amevaa koti la safari na kiatu cha mjini, maboksi yamepangwa nyuma yake. Mzee Yasuji amevaa tai. Bwana Minobe yuko katikati, maana makabidhiano ya uongozi yanahitaji shahidi: tarehe mosi Aprili, zamu ya namba kumi na mbili. Bi Nobue alikuwa ameinama, kichwa chini, hataki kuona behewa likipita. Nilinyoosha kidole, nikatamka kwa sauti yangu yote, dirisha wazi:

"Tsuzurao! Simama!"

Nikashika breki.

Aliinua kichwa. Mlango ulifunguka mbele yake palepale ulipozoea kufungukia.

"Mbona umesimama?" aliuliza, karibu kwa ukali.

"Imeandikwa nisimame."

"Nani kaandika?"

Mzee Yasuji hakungoja zaidi. Alikuwa ameshakitoa kibao mlangoni na kukikumbatia kifuani, na sasa, akiwa mwenyekiti halali kwa dakika tatu, aliingia chumba cha kungojea, akaichukua bahasha, akaichana kwa kidole gumba. Akasoma. Midomo yake ilisogea. Akampa Bwana Minobe, aliyesoma kwa sauti.

Kampuni ilimshukuru Mheshimiwa Mwenyekiti kwa ombi lake. Iko tayari kuendelea kusimamisha treni, endapo Mwenyekiti mwenyewe ataahidi kutunza jengo: kufagia, kuondoa theluji, kupanga mito. Kama hatakuwa na pingamizi lolote kufikia tarehe thelathini na moja mwezi wa tatu, kampuni itachukulia kwamba amekubali.

"Na hakupinga," alisema Bwana Minobe taratibu.

"Mwezi mzima!" Mzee Yasuji akasema. "Kimya! Mimi ningeandika barua, ningesema theluji ni kazi yao, tungefungiwa!" Akaugeukia mlango mtupu uliobaki na msumari peke yake, akauinamia mpaka tai ikagusa magoti. Sijawahi kumwona akiinamia mtu hivyo. "Umefanya kazi nzuri."

Bi Nobue alikaa kwenye boksi la bakuli. Alicheka kidogo, akafuta jicho moja, lile la kliniki, kisha jingine. "Ameahidi kufagia," akasema. "Ameahidi kujifagia mwenyewe, jamani. Atajifagiaje?"

Tukatazamana. Kisha wote watatu wakanitazama mimi.

"Hapana," nikasema. "Nina treni."

"Upande wa reli," Mzee Yasuji akanikumbusha, akaniletea ufagio.

Nilifagia jukwaa, glavu nyeupe na yote, kutoka boksi la kwanza hadi la mwisho, na Bi Nobue akavua kiatu cha mjini akarudi nyumbani na soksi kumpigia simu mwanawe aliyekuwa njiani. Treni iliondoka Tsuzurao dakika sita nyuma ya ratiba, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa miaka ishirini na saba. Kwetu dakika moja tu huandikiwa maelezo. Jioni nilikaa depoti mbele ya fomu, nikafikiri sana, na kwenye nafasi ya sababu nikaandika: Shughuli ya kifamilia.

Msimamizi aliisoma, akaniuliza huyo jamaa ni nani kwangu.

"Mjomba," nikasema. "Amemaliza muda wake."

Akagonga muhuri.